Bajeti ya Chakula Huvunjikia Gengeni, Siku ya Jumatano

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Mbagala, Dar es Salaam. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, ndugu mweka hazina, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie bajeti ya chakula ya wiki. Mwenyekiti aliponiletea ombi hilo alinitahadharisha kwamba watu wakisikia neno bajeti huwaza Dodoma, mwezi wa sita, na Waziri wa Fedha akipiga picha na mkoba wake. Mimi nitasema juu ya bajeti nyingine, ile inayosomwa jikoni, isiyo na mkoba wala makofi, na ambayo ukiizidisha hakuna Bunge la kukupitishia nyongeza.

Wengi mnaniita Mwalimu, kwa sababu nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 31, na baadhi yenu mlioketi hapa niliwafundisha kujumlisha. Leo, hata hivyo, nasimama mbele yenu kama mtu aliyeuza genge. Baada ya kustaafu nilifungua genge dogo pale kwenye kona ya mtaa wetu, nikauza nyanya, vitunguu, dagaa, mafuta ya kupima na unga wa robo na nusu kwa miaka 6, mpaka magoti yalipokataa. Kwa miaka yote ile ya ualimu nilikuwa mbele ya meza, mnunuzi kama ninyi, nikijiona hodari wa kubana matumizi. Nilipohamia nyuma ya meza ndipo nilipoona jinsi hela ya chakula ya familia inavyokwisha, na nikagundua kwamba kwa miaka 31 nilikuwa nikilinda mlango ambao mwizi hapitii.

Hebu niwaulize. Hela ya chakula inakwishia wapi? Sokoni? Nani kati yetu hajui kununua sokoni? Jumamosi tukishika kikapu kila mmoja wetu ni bingwa: tunauliza bei kwa wauzaji watatu, tunabofya nyanya moja moja, tunageuka kama tunaondoka ili tuitwe tena tupunguziwe mia mbili. Bajeti haivunjikii hapo. Bajeti huvunjikia gengeni, siku ya Jumatano, saa kumi na mbili na nusu za jioni, mkaa umekwisha kushika, maji ya ugali yanachemka, na mtoto anatumwa mbio akiwa na sarafu ya mia tano mkononi.

Nilikuwa na mteja mmoja, mama wa watoto wanne, jirani mwema ambaye jina lake nitalihifadhi. Mwanawe wa tatu alikuwa na adabu sana. Alifika akihema, akasema, "Shikamoo bibi. Mama kasema nipe mafuta ya mia tano." Namwitikia, namwekea kipimo kimoja katika kikombe chake cha plastiki chenye ufa, anakimbia akiziba ufa kwa kidole. Baada ya dakika 20 amerudi: "Mama kasema kitunguu cha mia mbili." Baada ya dakika nyingine 10: "Mama kasema chumvi." Kila mara shikamoo, kila mara sarafu. Sikumwona mama yake mwenyewe hata mara mbili kwa wiki, na ninaamini kwamba kama mtu angemwuliza amenunua nini gengeni angejibu kwamba hakununua kitu.

Wiki moja, kwa uchokozi wa kimwalimu tu, niliandika katika daftari kila kitu alichochukua mtoto yule. Mafuta peke yake yalitoka vipimo 16 katika siku 7. Sasa, kikombe changu cha kupimia kilitoa vipimo 16 hivyo hivyo katika lita moja. Kwa hiyo mama yule alinunua lita moja ya mafuta kwa shilingi 8,000, wakati ambapo siku zile, ukienda na chupa yako katika duka la jumla ambako mimi nilinunua dumu langu, lita hiyo hiyo ulipewa kwa 5,500. Alilipa zaidi shilingi 2,500 kwa wiki moja na kwa kitu kimoja. Zidisheni kwa wiki 52, wanafunzi wangu. Ni shilingi 130,000, na hapo hatujagusa sukari, wala unga, wala majani ya chai.

Hizo 2,500 zilikwenda wapi? Zilikuja kwangu. Sikumwibia, na sitaki mtu atoke hapa akawaonee wauza magenge. Nililipia meza, nilibeba dumu, nilikaa juani kungoja mia tano yake, na usiku nilirudisha bidhaa ndani moja moja. Lakini naomba mlishike neno hili: muuza genge analipwa kwa kukuwekea ghala. Usipokuwa na ghala nyumbani kwako, unapanga katika ghala lake, na kodi yake unailipa kijiko kwa kijiko.

Wapo watakaosema kwamba mama yule hakuwa na akili ya matumizi. Nakataa. Mume wake alikuwa akiendesha bajaji ya mtu, na hela iliingia nyumbani kila jioni baada ya hesabu ya tajiri kutolewa. Mwenye mshahara hupata fungu lake mwisho wa mwezi akanunua kilo 25 za mchele kwa mkupuo. Mwenye hela ya siku hununua cha siku, na cha siku ndicho cha ghali kuliko vyote. Mwaka 1857 mtakwimu mmoja wa Kijerumani, Ernst Engel, alipochambua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, aliandika kwamba kadiri familia inavyokuwa na kipato kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda tumboni. Mtaani kwetu tunalijua hilo bila kitabu. Lakini linamaanisha kwamba tundu dogo katika hela ya chakula, ambalo katika nyumba ya tajiri halionekani, katika nyumba zetu linameza ada ya mtoto.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitaka kwenu ni hili: muwe mbele kwa wiki moja. Sisemi mwezi, wala gunia la mahindi chini ya kitanda. Wiki moja tu. Unga, mchele, maharage, mafuta na sukari ya wiki inayokuja viwe vimekwisha kulipiwa kabla wiki hiyo haijaanza. Mtu aliye mbele kwa wiki moja hununua kwa kilo na kwa lita, na hununua anapotaka, na wala hanunui huku maji yakichemka.

Mtauliza, hiyo wiki ya kwanza itatoka wapi? Nawajibu kwa kilichotendwa na mama yule yule. Nilimwonyesha daftari langu, na kwa kweli nilijipotezea mteja. Alikaa kimya muda mrefu, akacheka, halafu akaniomba karatasi ile aende nayo nyumbani. Tangu kesho yake aliweka shilingi 2,000 katika kibubu kila jioni kabla ya kumtuma mtoto, na mumewe alipoona kibubu kinalia akaanza kutia chenji zake za siku. Siku ya 30 kilikuwa na shilingi 60,000 na kitu. Hakununua kitenge, hakulipa deni, hakumkopesha shemeji. Alinunua chakula kikavu cha wiki moja, akakipanga ndani ya ndoo yenye mfuniko, na kuanzia hapo hela ya kila jioni ikawa inanunua wiki inayofuata badala ya kunusuru mlo wa usiku ule. Nyinyi mna njia fupi zaidi, kwa sababu mwezi wa Desemba kikundi hiki hufanya mgao. Nasema mbele ya mweka hazina, na anisikie: hela ya kwanza kutoka kwenye mgao iwe ya wiki hiyo moja. Nguo za sikukuu zitafuata.

Sasa niwafungulie hesabu ya nyumbani kwangu, kwa sababu si haki kusema juu ya vyungu vya wenzangu nikafunika changu. Tuko watu sita: mimi, binti yangu na mumewe, na wajukuu watatu ambao wanakula kama wanajeshi. Bajeti yetu ya wiki ni shilingi 85,000, na bei ninazozitaja ni za maduka ninayonunua mimi mwezi huu. Hela hiyo naigawa mara mbili siku ile ile inapopatikana. Kuna 50,000 ya vikavu na 35,000 ya vibichi, na makundi haya mawili hayakopeshani.

Vikavu nanunua mara moja, Jumamosi. Sembe kilo 5 kwa 9,000, mchele kilo 4 kwa 11,200, maharage kilo 2 kwa 6,000, mafuta lita moja kwa 5,500, sukari kilo moja na nusu kwa 4,200, ngano kilo 2 kwa 4,000, dagaa wa 4,500, kisha chumvi, majani ya chai na kiberiti kwa 1,600. Jumlisheni. Ni 46,000. Zinabaki 4,000, nami nitazirudia, maana hizo zina mwenyewe.

Vibichi ni shilingi 5,000 kwa siku, mara siku 7. Hapo ndipo nyanya, vitunguu, nazi, mchicha, samaki na nyama. Mtu ataniambia, Mwalimu, nyama nusu kilo peke yake inapita 5,000, kwa hiyo nyumbani kwako nyama hailiwi? Inaliwa. Jumatatu na Jumanne tunakula matembele na maharage ambayo tayari yamo ndani ya ndoo, natumia 3,000 kila siku, na 4,000 zilizobaki zinalala katika kikopo cha majani ya chai kilichokwisha kazi, juu ya kabati. Jumapili zinaungana na 5,000 za siku hiyo, na wajukuu wanakula nyama wakajilamba vidole. Hela ya siku inaruhusiwa kusubiri siku nyingine. Isichoruhusiwa ni kuazima ya kesho. Mkiishika kanuni hiyo moja mkaiacha mingine yote niliyoisema, bado mtakuwa mmepata faida.

Jambo la pili linahusu kipimo, na hapa naomba mniwie radhi kwa sababu nitafichua siri za biashara.

Nani anajua fungu la nyanya lina nyanya ngapi? Mnaona? Hakuna anayejua, hata mimi niliyelipanga sikuwa na idadi moja. Fungu la mia tano lilikuwa na nyanya tano nilipokuwa nikinunua tenga kwa bei nzuri. Masika yakianza, nyanya za Morogoro na Iringa zikaharibikia shambani, tenga likapanda, je, nilipandisha bei ya fungu? Hata kidogo. Fungu lilibaki mia tano. Nyanya ndizo zilizotoka tano zikawa nne, kisha tatu, na ile ya juu, inayoonekana, niliichagua iwe kubwa na nyekundu, nikaigeuzia kitako juu ili kovu lisionekane. Wateja walilipa mia tano ile ile na kuniambia, "Afadhali wewe bibi, hujapandisha." Kumbe nilikuwa nimepandisha kwa theluthi mbili. Bei ilikaa palepale, chakula kikaondoka.

Fungu ni picha nzuri tu ya kutazama, na huwezi kufanya bajeti kwa picha. Ukinunua kwa fungu, hesabu vilivyomo. Ukinunua kwa sado, lile kopo la rangi la lita 4 ambalo limegeuka kipimo cha taifa zima bila kupigiwa kura, litazame kwanza kwa chini. Yapo makopo ambayo kitako chake kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani kama kifuu kilichopinduliwa, na kila unapojaziwa, ujazo wa vidole viwili haupo. Na hata sado iliyo salama haisemi uzito, kwa sababu sado ya dagaa na sado ya maharage hazikutani kwenye mizani. Babu zetu walipima kwa vibaba, wakajua vibaba vinne ni pishi moja, na kibaba kilikuwa kibaba nyumba hii na nyumba ile. Sisi tumebaki na methali ya haba na haba, kibaba chenyewe tumekipoteza.

Kuna wakulima kule mashambani wanaoumizwa na lumbesa, gunia lile linaloshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mtu aliyevaa kofia, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipiga vita kwa miaka mingi. Msidhani ziada ile inamfikia mnunuzi wa mwisho. Haifiki. Mahali pekee mnunuzi wa mwisho anapopona ni kwenye kilo, kwa hiyo nunueni vikavu vyote kwa kilo, na kikundi hiki kinaweza kununua mzani mmoja wa kuning'iniza ambao utazunguka nyumba kwa nyumba. Mwezi wa kwanza mtajua ni duka gani lina kilo ya gramu 900.

Lakini msinielewe kwamba kununua kwa wingi ni dawa ya kila kitu. Nikiwa bado nafundisha, mwaka mmoja nyanya zilishuka sana nami nikapagawa. Nilikwenda Ilala nikanunua tenga zima, nikalipa na mtu wa kulibeba, nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa kwa ushindi. Siku ya nne nyumba ilianza kunuka. Siku ya sita nilikuwa nimewagawia majirani wote, nimepika supu ya nyanya ambayo hakuna aliyeila, na theluthi ya tenga ilikwenda jalalani. Kibichi hununuliwa kwa kiasi cha mdomo. Ukilitaka tenga, tafuta wenzako wanne mligawane siku ile ile mkiwa wote mmesimama, kwa sababu ukisema "nitakuletea lako kesho" urafiki unaoza pamoja na nyanya.

Jambo la tatu nitalisema kwa kifupi, nalo ni majira. Bajeti moja ya mwaka mzima haipo, kwa sababu vyakula havina bei moja ya mwaka mzima. Mchele huwa nafuu baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita na wa saba, ukapanda kadiri mwaka unavyozeeka. Machungwa ya Muheza huja na kipupwe. Mihogo, magimbi na tambi hupanda Ramadhani, wala hatuhitaji mtu wa kututabiria. Hata dagaa wa Ziwa Victoria wana kalenda yao: wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikomaa uvuvi hupoa, na siku kadhaa baadaye sisi huku tunaona kipimo kimepungua.

Mnakumbuka sukari mwanzoni mwa mwaka 2024? Mvua za El Niño zilizidi, viwanda vikashindwa kuvuna miwa iliyosimama katika matope, sukari ikaadimika, serikali ikatangaza bei elekezi, na bado mimi siku moja nililipa 4,500 kwa kilo na kumshukuru mwenye duka kwa kunikumbuka. Wengi walichofanya ni kuongeza hela ya sukari na kupunguza hela ya mboga, familia ikanywa chai tamu na kulala na ugali mkavu. Nyumbani kwangu sukari ilikuwa na 4,200 zake kwa wiki, ikabaki na 4,200. Nilinunua robo tatu ya kilo, nikaweka sukari kwenye chai ya asubuhi tu, jioni tukanywa uji wa chumvi na limau, na hela iliyobaki ikanunua viazi vitamu vya kusindikiza. Wajukuu walinuna siku mbili. Jumla ya wiki haikusogea hata shilingi moja. Kitu ndicho kinachohama, ndugu zangu, jumla haihami. Siku utakapoiruhusu jumla ihame kwa ajili ya sukari, wiki inayofuata itahama kwa ajili ya mafuta, na mwezi wa tatu hutakuwa na bajeti, utakuwa na kumbukumbu za matumizi.

Sasa nije kwa watu, maana hesabu hazigombani, watu ndio wanaogombana.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala, mtu mpole, lakini kila asubuhi aliacha hela juu ya kabati na kila jioni aliuliza swali moja: "Hela ya jana imekwenda wapi?" Akina mama, mnalijua swali hilo? Na akina baba, mnajua linavyosikika likiulizwa mbele ya watoto? Nilijibu kwa hasira miaka mingi. Halafu Jumamosi moja nilimkabidhi kikapu, orodha na shilingi zote za vikavu, nikamwambia leo nenda wewe Temeke Stereo. Aliondoka akicheka. Alirudi saa nane mchana na kolekole mkubwa ajabu ambaye hakuwamo katika orodha, maembe kumi, kisu kipya, na unga kilo moja. Vitunguu hakuna. Mafuta hakuna. Alikaa kwenye kigoda pale uani, akamtazama yule samaki muda mrefu, akasema neno moja tu: "Kumbe."

Tangu wiki ile tulikuwa na dakika 10 kila Jumapili baada ya chakula cha usiku. Daftari liliwekwa katikati, yeye akasoma, mimi nikaeleza, kisha tukapanga wiki inayokuja. Swali la jioni lilikoma, kwa kuwa jibu lake lilikuwa limeandikwa kabla hajauliza. Akina baba, siwaombi mwende sokoni kila Jumamosi. Nawaomba dakika 10 za Jumapili. Hela ambayo mmepanga wawili, mmoja akiivunja anajua amevunja nini. Hela iliyopangwa na mmoja, mwingine huiona kama mali ya kuombwa.

Na mgeni je? Hapa narudi kwa zile 4,000. Sisi ni watu wa wageni, na bajeti isiyo na mgeni ndani yake ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Mbagala shamba liko wapi, na jembe lenyewe tuliliacha kijijini. Kwa hiyo mgeni ana hela yake, 4,000 kila wiki, na akibisha hodi saa saba mchana sibadiliki uso, kwa sababu chakula chake hakitoki kwenye sahani ya mtoto. Asipokuja, Jumamosi hela yake inaingia kibubuni. Mwaka jana wageni waliokosa kuja walinilipia mtungi wa gesi mara mbili, nawashukuru.

Nina neno moja la mwisho kuhusu deni, na nitalisema taratibu kwa sababu najua linawagusa waliomo humu. Gengeni nilikuwa na daftari jingine, la wanaokopa. Anayekopa haulizi bei. Anayekopa hachagui nyanya, huchukua aliyopewa. Palikuwa na baba mmoja aliyekuwa akidaiwa 14,000 na genge langu, na ili asipite mbele yangu alikuwa akizunguka kwa nyuma, kupitia mtaro wa maji machafu, kila asubuhi akienda kazini, viatu mkononi wakati wa mvua. Mimi nilikuwa nikimwona. Siku moja nilimwita, nikamwambia alete elfu moja kila Ijumaa na apite barabarani kama watu. Alilipa kwa wiki 14 bila kukosa, na katika wiki hizo 14 hakukopa tena hata kiberiti. Ikiwa unadaiwa gengeni au dukani, lipangie deni hilo kiasi chake katika hela ya wiki kama unavyoupangia mchele, hata kama ni mia tano, na uache kabisa kuongeza jipya juu ya la zamani.

Mwenyekiti ananionyesha saa, naye ana haki, kwa hiyo nimalizie na tangazo ambalo nimeruhusiwa kulitoa. Jumamosi ijayo sisi akina mama watatu tunakwenda Tandale kununua mchele kwa gunia na kugawana kwa kilo. Kuna nafasi ya watu watano wengine. Anayetaka amkabidhi mweka hazina hela yake kabla ya Alhamisi jioni, aandikiwe kilo zake, na aje na mfuko wake mwenyewe ulio mzima. Gari dogo la mizigo litaondoka hapa nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchele utapimwa mbele ya kila mtu, kwa mzani wangu ule wa gengeni, ambao bado ninao na kitako chake hakijagongwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.